MaikroRNA Hushusha Utambi, Haizimi Taa

Husemwa mara nyingi kwamba maikroRNA huzima jeni. Kauli hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini vipimo vinaikataa. Molekuli hii ya herufi 22 hivi hushikwa na protini iitwayo Argonaute, kisha herufi zake za 2 hadi 8 huitafuta RNA mjumbe yenye mfuatano unaolingana nazo, hasa katika sehemu ya mwisho isiyotafsiriwa kuwa protini. Ubishi wa miaka mingi ulihusu kinachofuata: je, ujumbe hubaki mzima bila kusomwa, au huharibiwa? Minyoo ambamo maikroRNA ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 ilielekea upande wa kwanza, maana protini ilipungua huku ujumbe ukionekana upo palepale.

Mwaka 2010 Huili Guo, Nicholas Ingolia, Jonathan Weissman na David Bartel waliupima ubishi huo kwa hesabu. Waliingiza maikroRNA miR-1 au miR-155 katika seli za binadamu za HeLa, kisha wakatumia kimeng'enya kinachokatakata RNA iliyo wazi. Ribosomu inayousoma ujumbe hukinga kipande cha herufi 30 hivi, kwa hiyo idadi ya vipande vilivyosalia huonyesha ujumbe unasomwa kiasi gani. Kando yake walihesabu ujumbe wenyewe. Ingekuwa kazi ni kuzuia usomaji tu, vipande vingepungua na ujumbe ubaki. Vyote viwili vilishuka karibu sambamba: angalau 84% ya upungufu ilitokana na ujumbe kutoweka. Kweli, tafiti za baadaye zilionyesha kwamba usomaji huzuiwa mapema zaidi, ila hatua hiyo ni fupi, na uharibifu ndio unaobeba uzito.

Pingamizi zito ni jingine: protini nyingi hazishuki hata kwa nusu, sasa upungufu huo una maana gani? Jibu limo sikioni. Mwaka 2009 familia mbili za Hispania zilizopoteza usikivu polepole zilikutwa kila moja na badiliko la herufi moja tu katika eneo la utambuzi, zile herufi za 2 hadi 8, la maikroRNA miR-96. Mtu atasema herufi mpya huipa maikroRNA shabaha mpya, nazo ndizo zinazodhuru. Huenda, lakini panya wenye kasoro ya aina hiyo walionyesha yote mawili, jeni zilizokuwa zikibanwa zikipanda, na nyingine zisizohusika zikishuka; hivyo kulegea kwa mbano huo mdogo nako hakuwezi kupuuzwa.