Kidole Kinachosema: Neno, Jina na Kimya katika Tamthilia ya Kijapani "Akai Yubi"

1. Utangulizi

Hadithi nyingi za upelelezi huongozwa na swali moja: nani aliyeua? Msomaji wa Kiswahili amelizoea swali hilo tangu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Maiti huonekana, watu hushukiwa mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mpelelezi hulifungua fundo. Tamthilia tunayoichunguza katika makala haya inaiacha njia hiyo. Mtazamaji anamjua muuaji mapema, tena anawajua wanaomficha. Kinachobaki kutafutwa ni jambo gumu zaidi: watu wanaokaa chini ya paa moja wamefikaje mahali pa kutojuana?

Tamthilia hiyo ni Akai Yubi, yaani "Kidole Chekundu". Ilionyeshwa na televisheni ya TBS ya Japani tarehe 3 Januari 2011. Chimbuko lake ni riwaya yenye jina hilo hilo ya Higashino Keigo, iliyotoka mwaka 2006. Ilifuata mfululizo wa Shinzanmono, ambao mwaka 2010 ulikuwa na vipindi 10, na ambamo mwigizaji Abe Hiroshi alimwakilisha mpelelezi Kaga Kyoichiro. (Majina ya Kijapani tunayaandika kwa desturi ya wenyewe, jina la ukoo likitangulia.) Tarehe ya kuonyeshwa kwake ina maana. Siku tatu za kwanza za mwaka ni sikukuu ambapo Wajapani wengi hurudi kwa wazazi wao na kula pamoja. Kisa cha mwana anayemtwisha mama yake kosa la kuua kiliingia sebuleni wakati ambapo mama na wana huenda walikuwa wameketi pamoja mbele ya televisheni.

Hoja yetu ni kwamba uovu mkubwa katika tamthilia hii unategemea neno. Mzee amepewa jina la ugonjwa, na jina hilo limewafanya wenzake waache kumsikiliza. Tutaifuata hoja hiyo katika kisa, katika namna watu wa nyumba wanavyoitana, na katika vimya viwili vinavyokijenga kisa hicho.

2. Kisa kwa ufupi

Maehara Akio ni mfanyakazi wa ofisini aliyekwisha kuvuka ujana. Anaishi Tokyo, katika nyumba ya wazazi wake, pamoja na mkewe Yaeko, mwanawe Naomi aliye shule ya kati, na mama yake mzazi, Masae. Baba yake Akio aliugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na Masae alimuuguza karibu peke yake, mwana na mkaza mwana wakikaa mbali. Baada ya mzee kufa wanahamia kwa mama. Muda si muda mama naye anaanza kutenda kama mtoto mdogo. Yaeko hataki kumhudumia, kwa hiyo Harumi, dada mdogo wa Akio, ndiye anayekuja kumlisha na kumtazama.

Siku moja Akio anaitwa nyumbani na mkewe, naye anakuta bustanini maiti ya msichana mdogo. Naomi ndiye aliyemuua. Akio anataka kuwaita polisi. Yaeko anatishia kujiua. Usiku baba anaitia maiti katika katoni, anaipakia juu ya baiskeli, na kwenda kuiacha katika choo cha bustani ya umma. Majani ya ukoka yaliyonasa katika nguo za marehemu yanawaelekeza wapelelezi kwenye nyumba zenye bustani. Kaga na binamu yake, Matsumiya Shuhei, ambaye ni askari mgeni katika kazi hiyo, wanabisha hodi kwa akina Maehara. Akio anapoona kamba inamkaza, anapata shauri la kutisha: aseme kwamba muuaji ni mama yake. Nani atamhoji mtu asiyejua anachofanya? Nani atamfunga?

Shauri hilo linavunjwa na kidole. Vidole vya Masae vilikuwa na rangi nyekundu, nayo ilikuwa rangi ya mdomo ya Harumi. Kama mikono hiyo ndiyo iliyomnyonga mtoto, mbona shingo ya mtoto haina alama ya rangi? Kisha inafunuka siri kubwa kuliko hiyo: Masae hakuwa mgonjwa. Alijifanya amerudia utoto ili aepukane na baridi ya nyumba ile, na ni Harumi peke yake aliyeijua siri yake.

3. Neno linalohukumu

Hapa inafaa kukumbuka jambo moja la historia ya Kijapani. Kwa miaka mingi ugonjwa huu uliitwa rasmi chiho, neno linaloandikwa kwa alama mbili ambazo zote zinabeba maana ya upumbavu. Desemba 2004 wizara ya afya ya Japani iliacha kulitumia neno hilo, ikashika badala yake ninchisho, yaani hali inayohusu utambuzi. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: neno la zamani lilimvunjia mtu heshima, na lilizuia ugonjwa usitambuliwe mapema. Kabla ya hapo, Aprili 2000, nchi hiyo ilikuwa imeanzisha bima ya utunzaji wa wazee, inayochangiwa na kila mkazi kuanzia miaka 40. Kwa hiyo, riwaya ilipotoka mwaka 2006, neno jipya lilikwisha kuwapo na sheria ilikwisha kuwapo.

Nyumba ya akina Maehara inaonyesha kwamba neno jipya halitoshi pale jicho linapobaki la zamani. Machoni pa Akio na Yaeko, Masae ni mtu aliyeondoka huku mwili wake ukibaki. Wanazungumza mbele yake kana kwamba hayupo, na mpango wao wote umesimama juu ya dhana hiyo. Kumbe anasikia kila neno. Mtazamaji anapolifahamu hilo, analazimika kurudi nyuma na kuyasikiliza upya mazungumzo yote ya nyumbani, mara hii kwa masikio ya Masae. Huu ndio ufundi mkubwa wa tamthilia. Haikutuficha ushahidi, ilitutegemea sisi wenyewe tulidharau neno la mzee kama walivyolidharau wanawe, nasi tukalidharau. Mtazamaji aliyemhurumia Masae tangu mwanzo naye hakumsikiliza.

4. Cheo na jina

Mwanaisimu Suzuki Takao, katika kitabu chake Kotoba to Bunka (1973), alieleza desturi ambayo msemaji wa Kiswahili ataielewa upesi. Katika familia ya Kijapani watu huitana kwa kutazama kutoka mahali pa mtoto mdogo kuliko wote. Mume humwita mkewe "mama"; mtu mzima huweza kumwita mama yake mzazi "nyanya", kwa kuwa ndivyo alivyo kwa mtoto wa nyumba. Sisi nasi husema Mama Fulani na Baba Fulani, mtoto akawa mlango wa kuingilia katika heshima ya mzazi. Desturi hii ni ya upole, kwa sababu inamkumbusha kila mtu kwamba yuko kwa ajili ya anayekua.

Hatudai kwamba mwandishi aliandika kisa chake akiifikiria desturi hiyo. Hata hivyo, nyumba ya Maehara ni picha yake iliyopinduliwa. Kila jambo linatazamwa kutoka mahali pa Naomi: chakula, kimya, vyumba, na hatimaye ukweli wenyewe. Mjukuu akiwa ndiye kipimo cha kila mtu, nyanya anakuwa kitu cha kutumiwa kwa faida ya mjukuu. Yaeko hasemi kwamba anamchukia mavyaa wake. Anasema tu kwamba mtoto ana maisha mbele yake. Ni sentensi ambayo mzazi yeyote angeweza kuitamka, na kwa hiyo inatisha.

Ndiyo maana kilele cha tamthilia kimewekwa kwenye jina. Kaga, aliyekwisha kuujua ukweli, hamkamati Akio. Kwa maoni yake, ukweli wa nyumba hii haufai kutolewa kwa nguvu katika chumba cha mahojiano. Unapaswa kutamkwa na wenye nyumba, ndani ya nyumba yao. Mama anapotaka kuchukuliwa, mkongojo wake unaletwa. Juu yake kimening'inia kibao kidogo cha mti kilichochongwa jina la Masae. Akio ndiye aliyekichonga alipokuwa mtoto wa shule. Hapo hakuna "nyanya" wala "mgonjwa". Kuna jina la mtu, lililoandikwa na mkono wa mwanawe, na ambalo mwenyewe amelihifadhi miaka yote. Akio anaanguka na kukiri. Sugimoto Tetta anaigiza tukio hili bila madoido, na ndiyo sababu linatufikia.

5. Vimya viwili

Sambamba na kisa hicho kunakwenda kingine. Baba yake Kaga, Takamasa, askari mstaafu anayeigizwa na Yamazaki Tsutomu, yuko hospitalini akikaribia kufa. Kaga haendi kumwona. Matsumiya, ambaye pamoja na mama yake alisaidiwa sana na mjomba huyo, anakasirika: mtu anayewafundisha wengine wajibu wa familia anamwacha mzazi wake afe peke yake?

Mwishoni tunaelezwa. Mke wa Takamasa aliondoka nyumbani, akafa mbali bila mtu wa kumshika mkono. Mzee alijihukumia kifo cha namna hiyo hiyo, na mwana akaiheshimu ahadi. Lakini kando ya kitanda kulikuwa na ubao wa shogi, mchezo ulio ndugu wa sataranji. Muuguzi alikuwa akicheza na mgonjwa, naye hakuwa na ujuzi. Kila hatua ilitoka kwa Kaga. Baba alimtambua mpinzani wake kwa namna alivyocheza. Alipokata roho, mkononi alikuwa na kete ya farasi.

Masae ananyamaza kwa sababu nyumbani mwake hapana wa kumsikiliza. Takamasa ananyamaza kwa sababu amekwisha kusikilizwa. Kwa macho ya jirani, vimya hivi viwili vinafanana kabisa: wazee wawili, na wana wawili ambao hawapo pale wanapotakiwa kuwapo. Tamthilia inatuonya tusipime uhusiano kwa kuhesabu ziara. Akio alilala nyumba moja na mama yake kila usiku wala hakumjua. Kaga hakukanyaga chumba cha baba yake, na kila siku walizungumza kwa kete.

6. Kasoro

Kazi hii haikosi upungufu. Kwanza, Yaeko amechorwa kwa rangi moja. Ugomvi wa mavyaa na mkaza mwana ni mali ya zamani ya tamthilia za Kijapani, na hapa umetumiwa bila kuulizwa. Akio anapewa majuto, anapewa utoto, anapewa kibao cha jina. Mkewe hapewi hata kumbukumbu moja. Mwanamume ndiye aliyebeba katoni, lakini mtazamaji anaondoka akimlaani mwanamke.

Pili, Naomi ni kama pengo. Japani ilikuwa imejadili sana makosa ya vijana baada ya mauaji ya Kobe ya mwaka 1997, hata sheria ikabadilishwa na umri wa kuweza kuadhibiwa kijinai ukateremshwa kutoka miaka 16 hadi 14, kuanzia mwaka 2001. Tamthilia inaligusa jambo hili na kulipita. Hatujui Naomi alikuwa nani kabla ya siku ile.

Tatu, na hili ndilo zito: marehemu anasahauliwa. Kaga anamsubiri Akio arudi utu wake, nasi tunasubiri pamoja naye. Wakati huo huo kuna wazazi waliompoteza binti yao ambao hawajui lolote. Huruma iliyotandikwa kwa familia ya muuaji imekatwa kutoka katika kitambaa cha familia ya aliyeuawa. Kazi inayolaumu watu kwa kutomsikiliza mnyonge ingepaswa kumsikiliza mnyonge huyu wa kwanza.

7. Hitimisho

Msomaji wa huku kwetu anaweza kukimbilia kusema kwamba haya ni mambo ya Wajapani, kwamba sisi hatuwatupi wazee. Tunaiogopa hukumu hiyo ya haraka. Masae hakutupwa; alikuwa nyumbani, akilishwa, akivikwa, na binti yake akija. Alichonyimwa ni kuhesabiwa miongoni mwa wenye kusema. Swali la tamthilia basi halihusu mzee analala wapi. Linahusu neno gani linatumika kumtaja, na kama neno hilo linamwachia nafasi ya kujibu.

Kwa wanaoshughulika na Kiswahili, hapo kuna kazi. Tunasema mzee amerudia utoto, amerukwa na akili, hajui kitu. Maneno hayo hayatibu wala hayaelezi. Yanafunga mlango tu. Wajapani waliona kwamba jina la ugonjwa linaweza kuwa tusi, wakalibadilisha. Tamthilia yao ikawakumbusha kwamba kubadilisha neno ni nusu ya safari. Sisi bado hatujaianza nusu hiyo ya kwanza. Istilahi ya ugonjwa huu katika Kiswahili itafutwe kwa uangalifu, na wanaoitafuta wakumbuke kwamba mwenye kuitwa kwa neno hilo huenda ameketi palepale, anasikia.