Mizani ya Tarjumani ni Swali

Katika nchi ya Shinyanga na Geita, ambako almasi ya Mwadui tangu 1940, na dhahabu ya mgodi mkubwa wa Geita tangu 2000, zimewakutanisha wageni na wenyeji, kazi ya tarjumani haikosi wa kuitafuta. Na anayetaka kumtambua fundi wa kweli asimtahini kwa istilahi za miamba, bali amsikilize akifasiri kineno kidogo cha Kiingereza, *what*.

Alama ya kwanza ni jina. Pale Mwingereza asemapo "What is your name?", Mholanzi huuliza "Hoe heet je?", yaani waitwaje, nasi huuliza "Jina lako nani?", lugha tatu, viulizi vitatu, wala hapana iliyokosea. Tarjumani mahiri, akisimama mbele ya mzee wa Kisukuma, huanza kwa shikamoo, kisha husema, "Mzee wangu, unaitwa nani?"; asiye fundi hukimbilia "nini", kwa kuwa ndilo neno alilolihifadhi.

Alama ya pili ni saa. "What time?" kwa Kiholanzi ni "Hoe laat?", kiasi gani cha kuchelewa, na kwetu ni "Saa ngapi?", yaani hesabu. Lakini swali likishafasiriwa vema, jawabu nalo lataka akili: msimamizi akitangaza kwamba baruti italipuka saa 16:00, fundi hutamka "saa kumi alasiri", atamkaye "saa nne" huwaacha wachimbaji chini hali wakidhani wakati bado.

Alama ya tatu haina *what* ndani yake, lakini ndiyo nzito kupita zote, nayo ni swali la kukanusha. Mgeni akiuliza kama hakuna aliyebaki duarani, yaani shimoni, mchimbaji hujibu "Ndiyo", akimaanisha kwamba ni kweli, hakuna. Na "yes" tupu humfanya Mwingereza aamini kuwa yumo mtu. Kwa hiyo tarjumani mwenye dhamiri hairudishi "ndiyo" peke yake, bali husema sentensi kamili: hakuna aliyebaki, wote wametoka.

Basi ukitaka kumwajiri mmoja, usihadaike na ufasaha wa ulimi wake wala wepesi wa maneno yake. Mwache aulize, kisha mwombe aliyeulizwa akueleze, kwa maneno yake mwenyewe, ameulizwa jambo gani.