Bustani si ya foto tu: Kisantu na sisi watu wa Tanganyika

Kila mtu wa kwetu akifika Kinshasa anaambiwa: siku ya Mungu uende Kisantu, kule kuko pazuri. Ni kweli. Ni karibu kilometa 120, ndani ya Kongo Central. Miti mikubwa, kivuli, njia za kutembeza batoto. Mwenye kutafuta kupumzika atarudi na roho safi.

Lakini sisi tuliosoma kilimo tuipime kwa kipimo kingine. Kisantu haikuanza kama mahali pa matembezi. Frère Justin Gillet, Mjezuiti, aliianzisha mwaka 1900 juu ya tumbo: alijaribu mboga na miti ya matunda, aone nini itakubali udongo ule. Mangustani, tunda la Asia, ilikubali, na mpaka leo watu wanaila. Kwanza kazi, uzuri ulifuata nyuma. Ndiyo maana bustani ile ingali na maana hata mwaka hakuna maua.

Shida iko kwetu wageni. Familia inafika, inakula kuku, inapiga foto chini ya mti, inarudi. Jina la mti, nani analiuliza? Jina la Kilatini liko na faida yake: mtu wa Kisantu na mtu wa Brazil wanaongea juu ya mti mmoja bila kupotezana. Lakini mtoto wa Kalemie ukimwambia Pterocarpus tinctorius, anakuangalia tu. Mwambie mukula, atakuonyesha malori ya mbao nyekundu.

Mukula unakatwa kwenda Uchina. Masuku tunaokota porini, nani anayapanda? Siku moja jimbo letu likipata franga za bustani ya watu wote, najua kitakachoombwa kwanza: piscine, viti vya beto, maua ya kununua mbali. Mimi ninasema tuanze na kitalu. Hata Mpala inatosha: misioni iko pale tangu 1885, maji ya ziwa iko, wazee wanaojua majina ya miti bado wako. Lakini hawatatungojea.

Kipimo changu ni hiki: mtoto akitoka mlangoni, ajue majina matatu ya miti ya kwao, na mche mmoja mkononi. Bila hivyo tutakuwa tumejenga restora yenye kivuli.