Msumari wa Zege Unang'aa, Lakini Unashika Nini?

Ingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, sema unataka kutundika kitu ukutani. Utapewa misumari ya zege, ile iliyopakwa zinki, pamoja na maneno ya kukutuliza: "Hii haipindi, haipati kutu, inashika popote." La tatu ndilo lililoniponza.

Tuanze na mng'ao. Zinki ile ni ndugu wa ile iliyo kwenye bati la nyumba yako. Inaliwa na maji na hewa kabla ya chuma, kwa hiyo hata ikichubuka kidogo inaendelea kukilinda chuma kilicho jirani. Kwa kuta zinazolowa wakati wa masika hilo si jambo dogo. Ila tabaka hilo mara nyingi ni jembamba, na ukigongelea kwenye zege unalikwangua. Halafu, mng'ao si mshiko. Anayeongeza hela kwa ajili yake ananunua kinga ya kutu, basi.

Mshiko unatoka wapi? Msumari ukiingia unausukuma ukuta pembeni, ukuta nao unaubana, na msuguano unauzuia kutoka. Zege zito linabana vizuri. Lakini huku chini ya Meru, mlima ambao wenyewe ni volkeno, baadhi ya kuta zina mawe na kokoto za volkeno zenye vitundu vingi. Kitu cha namna hiyo hakibani, kinapondeka. Msumari unaacha unga, unaingia kirahisi, na fundi anafurahi! Kumbe hapo ndipo pa kushtuka. Ongeza lipu: ikiwa na unene wa sentimita 1.5, msumari wa sentimita 2.5 unabaki na sentimita moja tu ndani ya ukuta wenyewe, hata kabla hujatoa unene wa kitu unachofunga.

Sasa rafu yangu ya Tengeru. Vitabu kilo 10, uzito ukiwa wastani wa sentimita 10 kutoka ukutani, misumari ya juu ikiwa sentimita 15 juu ya ncha ya chini ya vishikizo. Rafu inageuka wenzo, na misumari ile inavutwa nje kwa jumla ya nyutoni 65 hivi, mchana na usiku. Picha ya harusi iliyolala ukutani inavuta karibu yote kwenda chini, ndiyo maana inakaa miaka. Rafu yangu ilikaa wiki tatu, ikaangukia mto wa kitanda. Nashukuru nilikuwa maabara.

Na lile la "haipindi"? Kweli, chuma chake kimefanywa kigumu sana, na kwa sababu hiyo ukikipiga upande kinakatika badala ya kujikunja, kipande kinaruka. Kinga pekee niliyowahi kuona kwa mafundi wa mtaani kwetu ni kufumba jicho moja. Jamani, miwani!

Kwa picha, saa, au klipu za waya, nunua bila wasiwasi. Kwa rafu, tafuta mwenye drili, toboa mpaka upite lipu, weka plagi ya plastiki na skrubu. Misumari yangu ya juu niliichomoa kwa vidole viwili. Zinki ilikuwa bado inang'aa.