Tanbihi Tatu za Januari 1908

Mnamo Januari 1908, katika nchi ya Kitutu, sehemu ya Wagusii magharibi mwa Kenya, mpiganaji Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza G. A. S. Northcote, ambaye mwaka uliotangulia ndiye aliyefungua kituo cha serikali pale Kisii. Afisa yule alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na watu wa Kitutu wakateketezewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe, wakauawa kwa wingi uliomfanya hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu katika Wizara ya Makoloni mjini London, aandike kulalamikia mauaji hayo. Habari hii yasimuliwa hadi leo Kisii na Nyamira, pamoja na jina la Moraa, mtabiri aliyemtia Otenyo ari ya vita, hata mtu anayetaka kuiandikia makala ya jarida la historia huwa na kisa kamili mkononi kabla hajashika kalamu. Na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa maana kisa kilichokamilika humsahaulisha mwandishi kuuliza kila kauli ndani yake imetoka kwa nani, imehifadhiwa wapi, na msomaji mwingine apite njia gani akitaka kuifikia kwa macho yake mwenyewe.

Kazi ya kuandaa makala ya namna hii aghalabu hufundishwa kana kwamba ni usafi wa mwisho, mambo ya pambizo na ukubwa wa herufi, yafanywayo usiku wa kuamkia siku ya kupeleka mswada. Mimi naona kinyume chake: mpangilio wa tanbihi, tahajia ya majina na namna ya kuandika tarehe ndivyo vinavyoamua nani ataaminiwa na nani atahesabiwa kuwa mnong'ono tu. Wanachuoni wa hadithi za Mtume waliijua siri hii zamani, wakaijenga elimu yao nzima juu ya isnadi, ili kila neno lije na silsila ya waliolipokea. Na tanbihi ya mwanahistoria ina wadhifa huo huo.

Tuchukue basi sentensi moja ya makala hiyo, ile isemayo kwamba Northcote alichomwa mkuki na kwamba adhabu ikafuata, tuitazame jinsi inavyovishwa ushahidi. Sentensi hiyo yahitaji tanbihi tatu, maana ushahidi wake umelala mahali patatu. Pa kwanza ni Kew, karibu na London, katika barua za Wizara ya Makoloni zilizopangwa chini ya alama CO 533, ambamo zimo telegramu baina ya Afrika Mashariki na wakubwa wa London. Pa pili ni Nairobi, katika Nyaraka za Taifa za Kenya, ambako majalada ya mkuu wa wilaya ya Kisii hutambulikana kwa alama DC/KSI, na yale ya mkuu wa jimbo la Nyanza kwa alama PC/NZA. Baadhi ya taarifa hizi zilipigwa picha katika filamu ndogo kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani, na mtu aliyesoma filamu hana budi kusema kwamba alisoma filamu, kwa sababu anayesoma karatasi yenyewe huenda akaona pambizoni maandishi ya penseli ambayo picha haikuyadaka. Katika tanbihi za namna hizi mbili utaratibu wajulikana: mwandishi wa barua, aliyeandikiwa, tarehe, kisha jalada, kisha alama ya mkusanyiko, kisha jumba la nyaraka. Anayetaja jalada bila kutaja barua amemwelekeza msomaji mjini asimwambie mtaa.

Pa tatu ni nyumbani kwa wazee wa Kitutu, na hapa ndipo makala nyingi zinapoanguka. Mwandishi aliyejitaabisha kunakili kila nukta ya alama ya jalada, afikapo kwa mzee aliyemkarimu na kumsimulia alasiri nzima, huandika maneno matatu tu, "mahojiano na wazee", akaendelea na safari yake. Msomaji makini akiona tanbihi ya afisa ina mistari minne na ya mzee ina maneno matatu, atafanya lipi ila kumwamini afisa? Wala asilaumiwe, maana mwandishi mwenyewe ndiye aliyewapanga mashahidi wake, mmoja kitini, mwingine mkekani.

Tanbihi ya mahojiano iliyo timamu humtaja msimulizi, kwa ridhaa yake, au kwa alama maalumu ikiwa amependa jina lake lisitiriwe. Hutaja ukoo wake, umri anaoukadiria, mahali na tarehe ya mazungumzo, lugha iliyotumika, aliyetafsiri ikiwa yupo, na mahali sauti iliyorekodiwa inapohifadhiwa. Zaidi ya yote husema masimulizi hayo aliyapokea kwa nani: kwa baba yake, kwa bibi yake, au kwenye kitabu alichokisoma shuleni, kwa kuwa kitabu cha William R. Ochieng' kuhusu historia ya Wagusii tangu karibu mwaka 1500 hadi 1914 kimekuwa mikononi mwa watu tangu 1974, na cha Robert Maxon juu ya Wagusii na Waingereza tangu 1989, hata si ajabu mzee akakurudishia kwa moyo safi maneno ya kitabu ukadhani umepata riwaya mpya. Maneno mazito yaliyosemwa kwa Ekegusii yawekwe kwa Ekegusii katika tanbihi, na tafsiri iwekwe juu katika matini, ili anayeijua lugha aweze kuipima tafsiri. Na kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, ambacho sheria ya Kenya yakitaka, kitafutwe kabla ya kwenda, maana majarida siku hizi huuliza.

Kuna mfano mmoja unaoupima uhodari wa mwandishi kuliko mingine yote. Mapokezi ya Wagusii yasema kwamba Otenyo alikatwa kichwa na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza. Mwandishi mmoja ataiandika habari hii katika matini kama jambo lililothibiti, bila tanbihi, kwa kuwa kwake inajulikana na wote. Mwingine ataitupa nje ya makala kabisa, kwa hoja kwamba hakuikuta katika majalada. Wote wawili wamedhulumu. Ipasavyo ni matini kusema wazi kwamba haya ni mapokezi, yamesimuliwa na nani na nani, wa koo zipi, na kama hao walisikilizana au kila mmoja ana njia yake. Kisha tanbihi itaje mafungu ya majalada yaliyopekuliwa na tarehe zake, ili msomaji ajue ukimya wa nyaraka una upana gani. Ukimya wa jalada moja lililofunguliwa haulingani na ukimya wa majalada yote, na huo mpaka haumo kichwani mwa msomaji mpaka uandikwe.

Majina nayo yana taabu yake. Wale wale huitwa Kitutu katika taarifa za Waingereza na Abagetutu vinywani mwao wenyewe. Nchi yote ya Gusii huandikwa Kossova katika baadhi ya karatasi za kale. Na msimulizi akisema Nyarigoti anamkusudia Northcote, jina ambalo asiyelijua atalitafuta katika majalada mpaka macho yamuume. Isitoshe, mipaka ya leo haikuwako: wilaya iliitwa Kavirondo ya Kusini, ilhali Kitutu ya zamani leo imegawanyika, Kitutu Chache ikiwa katika kaunti ya Kisii na Kitutu Masaba katika ya Nyamira, na Mugirango vivyo hivyo, ya Kusini ikiwa Kisii, ya Magharibi na ya Kaskazini zikiwa Nyamira. Dawa ni tanbihi moja ndefu mwanzoni, isemayo ni tahajia ipi itakayotumika katika matini yote, na kwamba ndani ya dondoo tahajia ya asili haitaguswa hata herufi. Ramani ifuate kanuni hiyo hiyo. Mto usiwe Gucha katika matini ukageuka Kuja katika ramani.

Tarehe zataka unyenyekevu. Vita ambavyo Wagusii waliwashinda Wakipsigis hujulikana kwa Wagusii kama Saosao na kwa Wakipsigis kama Mogori, na mwaka wake hukadiriwa karibu na 1890. Basi "karibu na" iandikwe kila mara vitajwapo, isidondoke njiani kwa ajili ya kupendezesha sentensi. Kwa safari za kale zaidi, zile za kutoka upande wa mlima Elgon kupitia Goye huko Yimbo, ambako kwa bahati njema ndiko kwao Ochieng' mwenyewe, hesabu ya vizazi ndiyo mizani, na mwandishi aseme kizazi kimoja amekihesabu miaka mingapi.

Yaliyobaki ni mepesi, na kila jarida lina maagizo yake: nafasi maradufu baina ya mistari, ikisiri ya aya moja inayotaja hoja na si mada peke yake, marejeo yaliyofupishwa mara ya pili badala ya "ibid.", ambayo mwongozo wa uandishi wa Chicago tangu toleo lake la 2017 haupendelei tena. Jambo moja tu katika haya lahitaji tafakuri. Mswada hupelekwa kwa wasomaji bila jina la mwandishi. Naye mwandishi mzaliwa wa Manga, huko huko Gusii, aliyemhoji babu yake hawezi kuuficha udugu huo bila kuukosea ukweli, wala kuutaja bila kujifichua. Wengi hunyamaza. Njia iliyo salama ni kuueleza katika barua kwa mhariri, kutumia alama badala ya jina katika mswada unaosomwa, na kuurudisha udugu huo katika tanbihi makala ikishakubaliwa.

Kisha yaja sampuli za chapa, nazo hupewa siku chache. Zisomwe mara mbili na watu wawili: mara ya kwanza kwa tanbihi peke yake, nambari kwa nambari, jalada kwa jalada, mara ya pili kwa majina, na msomaji awe mtu ajuaye Ekegusii, kwa sababu kompyuta ya mpiga chapa hairidhiki na neno Abagetutu, nayo hupenda kulibadilisha.