Kumpima chatu wa Wayeye

Daktari wa mifugo wa Bariadi akiletewa ng'ombe, mkono wake unajua pa kwenda: matezi ya shingoni, ubavu wa kushoto kusikiliza tumbo la kwanza, kisha kipimajoto chini ya mkia. Akiletewa chatu, mazoea hayo hayamsaidii. Nyoka hana matezi ya kupapasa wala ubavu wenye tumbo lake peke yake, na kipimajoto hakitamwambia kama mnyama ana homa. Kitamwambia tu mahali alipolala palikuwa na joto kiasi gani.

Usukumani, kuletewa chatu si jambo la kufikirika. Buyeye, chama cha mafundi wa nyoka, ni cha siku nyingi. Mtafiti Hans Cory alikiandikia makala nzima mwaka 1946. Hadi leo chatu hubebwa mabegani katika uwanja wa ngoma, watu wakajaa kumtazama. Wanachama wake, Wayeye, ni waganga, hasa wa kuumwa na nyoka, lakini nyoka naye huugua. Afisa mifugo aliyesomea ng'ombe, mbuzi na kuku ndiye aliye karibu.

Uchunguzi unaanza kwa maswali mawili kabla ya kumgusa mnyama. La kwanza: amelala wapi usiku wa kuamkia leo? Msimu wa ngoma ni baada ya mavuno, na miezi hiyo alfajiri za Simiyu, mkoa ilipo Bariadi, zina baridi. Mkoa huu uko juu, maana hata Ziwa Victoria lenyewe, bondeni kwake, liko mita 1,134 juu ya bahari. Joto la mwili wa chatu hufuata mazingira. Kwa kila nyuzi 10 zinazopungua, shughuli za mwili wake hushuka hadi nusu au hata theluthi. Chatu wa saa moja asubuhi hatoi ulimi, anajivuta, na moyo wake unapiga kwa uvivu. Ukimpima saa hiyo utaandika ugonjwa ambao hana. Mwache aote jua mpaka saa nne, huku kivuli kikiwa karibu ili aweze kujiondoa mwenyewe.

La pili: amekula lini? Chatu aliyekula juzi akishikwashikwa hutapika, na kutapika kwake si jambo dogo. Zaidi ya hapo, viungo vyake hubadilika baada ya mlo. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba moyo wa chatu wa Burma uliongezeka uzito kwa takriban asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya kula. Baadhi ya waliorudia kipimo hicho hawakuona ongezeko kubwa namna hiyo, lakini hakuna anayebisha kwamba ini na utumbo hukua. Unachokipapasa na kukidhania uvimbe huenda ni ini linaloshughulikia mbuzi wa wiki hii.

Sasa futi kamba. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nashangaa wengi wanaruka hatua hii kwa kuwa inaonekana ya fundi cherehani. Pima kuanzia ncha ya pua hadi tundu la haja, mkia usiuhesabu, kisha gawanya. Moyo wa chatu hukaa kati ya asilimia 22 na 33 ya urefu huo. Kwa chatu mwenye mita 3, mgeuze taratibu utazame magamba mapana ya tumboni kati ya sentimita 66 na 99. Mara nyingi utaona mapigo kwa macho, uyahesabu kwa saa ya mkononi. Stetoskopu ya ng'ombe hapa haifui dafu: magamba hukwaruza, na unachosikia ni mkwaruzo huo. Nyuma ya moyo linafuata ini, jembamba na refu, hadi karibu na katikati. Kisha tumbo la chakula. Kifuko cha nyongo kimejitenga na ini, kiko nyuma yake pamoja na kongosho na bandama. Figo ziko mwishoni kabisa, ya kulia ikiwa mbele ya ya kushoto. Bila futi kamba, kidole kikigusa kitu kigumu hujui kama ni figo iliyovimba, yai au kinyesi kilichokauka.

Papasa ukielekea mkiani. Ukisukuma kuelekea kichwani unarudisha chakula kooni.

Kuhusu kushika, hapo Wayeye ni walimu. Fuvu la nyoka limeungana na uti wa mgongo kwa nundu moja tu, ng'ombe anazo mbili, kwa hiyo anayekamata kichwa kwa nguvu na kuacha mwili uning'inie anaweza kumtegua shingo. Mcheza ngoma humlaza chatu mabegani na kiunoni, uzito wote ukiwa umeegemea mahali. Kliniki ifanye vivyo hivyo, na mtu mmoja kwa kila mita moja hivi. Muulize pia mwenye nyoka kama mkazo wa mwili umepungua. Amembeba mara nyingi kuliko daktari, na misuli iliyolegea ataihisi kabla haijaonekana kwa jicho. Kisha mlaze chatu chali: mzima hujigeuza mara moja, na anayeshindwa ana tatizo la neva mpaka ithibitike vinginevyo.

Kinywa kiachwe mwisho, kwa sababu ndicho kinachomuudhi. Rangi yake ya waridi iliyopauka isikutishe. Kwa ng'ombe ungeandika upungufu wa damu, kwa chatu ni kawaida. Tundu la pumzi liko mbele, kwenye sakafu ya kinywa. Likiwa na povu au kamasi, mapafu yameingiwa. Nyoka hana kiwambo kati ya kifua na tumbo, hivyo hawezi kukohoa akatoa uchafu, na nimonia humkalia muda mrefu kimyakimya. Baada ya hapo osheni mikono wote, mwenye nyoka pia, kwani hata chatu mwenye afya njema anaweza kubeba salmonela.

Magamba yakaguliwe moja moja kutafuta kupe, hasa kuzunguka macho na pua. Mfugaji wa Simiyu asidhani hilo halimhusu, maana kupe wa wanyama watambaao wanaweza kubeba maradhi ya mifugo. Kobe waliopelekwa Florida kutoka Zambia walikutwa na kupe wenye vimelea vya ugonjwa wa moyo kujaa maji, ule ule unaoua ng'ombe na mbuzi, na Machi 2000 Marekani ikapiga marufuku kuingiza kobe wa aina tatu za Afrika.

Ikibidi sindano, ichomwe theluthi ya mbele ya mwili. Damu ya mkiani hupitia figo kabla ya kurudi moyoni, na dawa inaweza kuchujwa njiani au kuziumiza figo zenyewe. Siku hizi wataalamu wanabishana ni kiasi gani hasa cha dawa hupotea kwa njia hiyo, na wengine wanaona hofu ilitiwa chumvi. Mimi ningechoma mbele tu. Misuli ya kutosha ipo huko, na figo nazo zinabaki salama.