Pini Moja Moja
Wengi wanaijua Bukura kwa chuo chake cha kilimo. Mimi nikipata mgeni humpeleka kwa fundi wa vifaa vya umeme anayeunda vidhibiti joto vya mashine za kuangulia mayai. Yai la kuku hutaka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, na ulinzi wa joto hilo ameukabidhi chipu moja, PIC16F84. Huiandikia programu kwa bodi ya zamani inayochomekwa kwenye tundu la printa, lile la pini 25, akifuata mchoro ambao Mwingereza David Tait aliugawa bure miaka ya 1990.

Kompyuta mpya nyingi hazina tundu hilo. Kebo ya USB ya printa haisaidii kitu: inajua kuzungumza na printa tu, ilhali bodi hii hutaka kila pini ipandishwe na kushushwa peke yake. Ndiyo maana anaitunza kompyuta ya mezani yenye Windows XP. Nayo XP hairuhusu programu kuligusa tundu moja kwa moja, kwa hiyo IC-Prog, programu anayoitumia kuandikia chipu, huwekewa draiva yake kwanza, na anwani ya tundu ikahakikishwa kuwa ni 378.

Kisha huja kazi ninayopenda kuitazama. Soketi ikiwa bado tupu, anatia alama kwenye kisanduku kimoja cha ukaguzi ndani ya IC-Prog, anagusa pini kwa mita, anangoja namba itulie. Pini ya 2 ya tundu la printa hubeba data, ya 3 mapigo ya saa. Ya 4 huwasha volti 5, ya 5 zile 13 za kuandikia. Namba ikishuka mahali pa kupanda, hafumui waya hata mmoja. Anajua bafa ya bodi inageuza ishara, basi anaiagiza programu nayo igeuze.

Chipu isiyoandikwa husomeka 3FFF kila mahali. Lakini waya wa kusomea uliokatika nao huweza kuleta 3FFF, na hapo wengi hupotea. Yeye huunganisha laini ya data na ardhi kwa kipande cha waya, akasoma upya. Zikija sufuri tupu, anajua bodi inasoma kweli.

Bodi za USB za kuandikia chipu zina kasi, sizibezi. Ila bodi hii ya zamani humwonyesha mtu kila hatua kwa kipimo, na fundi huyu analijua hilo: kijana anayekuja kujifunza hupewa mita kabla ya kupewa chipu.